Jicho la Mama Pacha

Wodi ya Pili
12 Februari

Mdogo wangu Desimali,

Barua yako imefika. Picha uliyopiga mbele ya lile jengo la chuo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu, pale tunapobadilishia nguo. Wenzangu wanauliza huyu mwembamba hivi huko ugenini wanamlisha nini. Nimewaambia anakula namba, tangu utotoni.

Najua ungependa tuongee kwa simu. Lakini kwenye simu wewe husema "sawa dada, sawa dada" mpaka salio linaisha, na sijui umekubali nini. Kwenye karatasi huna pa kunikwepea.

Kazi ya chati imekwisha. Miaka sita ya wodi yetu ya upasuaji, wagonjwa elfu kumi na moja, kila karatasi imepita kwenye ile mashine ya kunakili. Miezi mitano nimesimama na makarani wawili tukibandua pini zilizoshika kutu. Mkurugenzi alisita kutoa ruhusa. Nilimwambia, "Huyu atakayezisoma namjua, nimembeba mgongoni." Ndipo akatia sahihi. Kwa hiyo ukiniharibia, umejiharibia mgongo uliokubeba.

Utaona kwenye chati nyingi mwandiko mmoja umeinama kulia kama mtu anayepanda kilima. Huyo ni Mama Pacha, mwenzangu wa miaka ishirini, aliyepata jina hilo kwa kuzaa pacha mara mbili. Ana tabia moja. Akimwona mgonjwa hajampendeza, anampima mapigo, presha na joto hata kama saa ya kupima haijafika. Nusu saa baadaye anarudi kumpima tena. Ukimuuliza anasema, "Huyu simpendi alivyolala." Madaktari wanamcheka. Kisha jioni daktari yule yule anakimbia na dripu mkononi.

Unasema mashine yako itajifunza kutoka kwenye chati hizi kumtambua mgonjwa atakayezidiwa kabla hajazidiwa. Mama Pacha anauliza: itajuaje kutompenda mgonjwa alivyolala?

Dada yako


Chuoni
3 Machi

Dada, shikamoo.

Mwambie Mama Pacha mashine haina haja ya kumpenda wala kumchukia mtu. Tunaipa chati za watu elfu tisa na kuiambia nani alizidiwa na nani alirudi nyumbani. Yenyewe inatafuta alama zinazowatofautisha, hata zile ambazo jicho la mtu halioni. Kisha tunaijaribu kwa wale elfu mbili waliobaki, ambao haijawahi kuwaona.

Sasa kaa kitini. Kati ya kila wagonjwa kumi waliozidiwa, imewatambua tisa, tena saa sita kabla ya daktari kuitwa! Profesa wangu aliivua miwani akaifuta, akaangalia tena. Ameniambia hajawahi kuona data safi kama hiyo, na nimemwambia ni kazi ya dada yangu. Makala yetu imekubaliwa kwenye mkutano mkubwa wa watu wa fani hii, ule ambao wengi wanazeeka bila kuingia.

Limebaki jaribio moja dogo. Tunaondoa kipengele kimoja kimoja ili tuone ni kipi hasa kinachobeba mzigo. Ni kawaida tu.

Hospitali yenu imekwisha kuomba iwe ya kwanza kuutumia mfumo huu. Dada, fikiria. Chati zako wewe!

Wako,
Desimali


Wodi ya Pili
20 Juni

Mdogo wangu,

Mashine yako imeingia kwa kishindo. Kila kitanda kina kioo kidogo ukutani: kijani maana yake mgonjwa ametulia, njano tumwangalie, nyekundu tukimbie. Mkurugenzi alikata utepe. Alisema mashine hailali, haiendi likizo na haiombi ruhusa ya msiba. Watu wakacheka. Wiki iliyofuata tukaelewa alichokuwa anasema.

Zamani tulikuwa wauguzi watano kwa zamu, sasa tuko watatu kwa wagonjwa thelathini na wanne. Tumeletewa ratiba: kila mgonjwa anapimwa kila baada ya saa sita, hakuna zaidi na hakuna pungufu, kwa sababu eti katikati hapo mashine inaangalia. Mama Pacha alipompima mzee mmoja mara tatu asubuhi moja, aliitwa ofisini na kuulizwa kwa nini anapoteza muda na vifaa. Akajibu, "Kwa sababu sikumpenda alivyolala." Hilo halina pa kuandikwa kwenye fomu yao. Wamempeleka stoo ya mashuka, akahesabu foronya mpaka astaafu.

Nimeenda kumsalimia. Amekaa juu ya marobota kama malkia aliyepinduliwa. Ananiambia, "Mwambie mdogo wako shuka zote leo ni kijani."

Nina maswali mawili, nayo uyajibu, usinichekee. La kwanza, lile jaribio dogo lilitokaje? La pili ni la mtu asiyesoma hesabu: ikiwa hakuna aliyeenda kumpima mgonjwa, mashine inajua nini?

Dada yako


Chuoni
9 Julai

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, nimetoka mkutanoni. Makala yetu imepewa tuzo ya watafiti chipukizi. Nilipanda jukwaani, na kwenye kuwashukuru watu nilisema "wauguzi wa wodi moja ya upasuaji", ndiyo nyinyi hao.

Jaribio lilikwenda vizuri. Mfumo uko imara.

Kuhusu kupunguza wauguzi, huo ni uamuzi wa utawala wenu. Mimi natengeneza kipimo, sipangi zamu. Mgeni yeyote huogopwa mwanzoni, dada. Upeni mfumo muda, mtauzoea.

Msalimie Mama Pacha. Mwambie si kwamba jicho lake ni baya.

Desimali


Nyumbani
2 Septemba

Mdogo wangu,

Mama Pacha amefariki.

Alilazwa kwetu Jumatatu kwa upasuaji wa nyongo. Alitania mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akisema angalau atalalia shuka alizozihesabu mwenyewe. Upasuaji ulikwenda salama. Tulimweka kitanda cha kumi na moja, karibu na meza yetu.

Jumatano asubuhi nilimkuta na rangi isiyo yake. Nilimuuliza, "Vipi mwenzangu?" Akaniambia, "Leo sijipendi nilivyolala." Nikashika mkono wake, ulikuwa na ubaridi wa jasho. Nilikuwa nageuka kuchukua mashine ya presha nilipoitwa Wodi ya Nne, muuguzi wa huko ameanguka kwa uchovu na hakuna mwingine. Nilimwachia maagizo muuguzi mgeni, ana miezi mitatu kazini. Nikamwambia, "Mpime huyu mama." Sikusema "sasa hivi". Hilo neno moja sikulisema.

Binti yule alitazama kioo, akakuta kijani. Mama Pacha mwenyewe alimwomba, "Mwanangu, nipime tena." Akamjibu, "Mama pumzika, mashine inaonyesha uko salama, ratiba yako ni saa nane mchana." Wagonjwa wa kitanda cha kumi na cha kumi na mbili wamesikia maneno hayo yote. Aliomba mara mbili nyingine.

Niliporudi saa saba na nusu alikuwa hajibu. Maambukizi yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye damu. Tulimshughulikia saa nzima. Mkono wangu ulikuwa kifuani kwake, na juu ya kichwa chake kile kioo kilikuwa bado kijani. Kilikuwa kinasoma namba za saa mbili asubuhi, na saa hiyo alikuwa bado hajambo.

Kamati ya uchunguzi itakaa mwezi huu. Mimi ndiye msimamizi wa wodi, nitasimama wa kwanza. Sikuandikii kukulaumu. Wewe ndiye unayeijua mashine hii undani wake. Waeleze kwa nini ilionyesha kijani. Wakielewa, wataturudishia wauguzi wetu na kila mtu apimwe anapohitaji.

Watoto wake wanne walisimama wawili wawili kaburini.

Nisaidie, mdogo wangu.

Dada yako


Chuoni
15 Septemba

Dada,

Pole sana. Pole sana kwa msiba huu. Sijui niseme nini.

Wakili wa hospitali ameshaniandikia kuomba maoni ya kitaalamu, na ameniagiza nisizungumze na mashahidi kabla kamati haijamaliza. Kwa hiyo hapa siwezi kueleza mengi. Nimewajibu yaliyo kweli.

Jipe moyo.

Desimali


Nyumbani
6 Oktoba

Desimali,

Nimeyasikia yaliyo kweli.

Tuliketi kwenye chumba cha mikutano, kile chenye meza ndefu na feni inayolia. Kulikuwa na mkurugenzi, wakili, madaktari wawili na katibu wa kamati. Wakili alivaa miwani akasoma karatasi yako kwa sauti, pole pole, kama mtu anayesoma tangazo la harusi. "Mfumo ulitoa alama sahihi kwa kuzingatia vipimo vilivyoingizwa. Uchache wa vipimo si kasoro ya mfumo." Akanipa niitazame. Sahihi yako bado ina ule mkia niliokufundisha mimi, ukiwa darasa la tatu.

Kisha akaniuliza, "Msimamizi, ni kazi ya nani kuingiza vipimo?"

Nikasema ni yetu.

"Mgonjwa aliomba kupimwa?"

Ndiyo.

"Alipimwa?"

Hapana.

Nikawaambia habari ya ratiba, na kwamba tulikatazwa kupima nje ya saa. Mkurugenzi akasema ratiba ni mwongozo tu, muuguzi mwenye akili hutumia busara. Ndiye huyo huyo aliyempeleka Mama Pacha stoo kwa kosa la kutumia busara.

Binti yule amefukuzwa. Alilia mpaka sare ikalowa kola. Mimi nimesimamishwa kazi bila kikomo kilichotajwa, na kwenye faili langu wameandika "uzembe uliochangia kifo". Miaka ishirini na sita, Desimali. Mtoto wa pili wa Mama Pacha nilikutana naye barabarani, akahamia upande wa pili.

Karatasi uliyoletewa na wakili ilikuwa imeandikwa Wodi ya Pili. Ulijua ni wodi ya nani. Nieleze tu, nipate kukuelewa: ulipoandika sentensi hizo mbili, ulidhani zitamwangukia nani?

Dada yako


Chuoni
21 Oktoba

Dada,

Nimeandika barua hii mara nne nikaichana. Hii nitaituma.

Lile jaribio dogo halikwenda vizuri. Nilikudanganya.

Tulipoondoa joto, mfumo haukuyumba. Tulipoondoa presha, ukayumba kidogo tu. Tulipoondoa idadi ya mara mgonjwa alizopimwa, na saa alizopimwa, ukaanguka. Badala ya kutambua tisa kati ya kumi, ukawa unatambua watano. Hiyo ni sawa na kurusha sarafu.

Unaelewa maana yake? Mashine haikuwa imejifunza mwili wa mgonjwa. Ilikuwa imejifunza wasiwasi wenu. Mgonjwa aliyepimwa mara tatu ndani ya saa mbili ilimwita wa hatari, kwa sababu kwenye chati zako mtu wa namna hiyo kweli huzidiwa. Nilifungua chati hizo moja moja. Karibu zote zilikuwa na ule mwandiko ulioinama kulia. Nilikaa ofisini mchana kutwa nikiutazama. Zile saa sita tulizojisifia kwamba tumemtangulia daktari zilikuwa saa sita za Mama Pacha.

Nilipokuandikia jaribio limekwenda vizuri nilikuwa nimekwisha kujua, na nilijua wamekwisha kumtoa wodini. Mlipowekewa ratiba moja kwa wote, kila mgonjwa alianza kufanana na mgonjwa asiyetiliwa shaka na mtu. Ndiyo maana kila kitu kilikuwa kijani. Swali lako la pili ndilo lililokuwa swali lenyewe, na kwenye chumba chetu cha watu saba wenye shahada hakuna aliyeliuliza kwa ufupi ule.

Nilimwambia profesa. Akasema kila modeli ina udhaifu wake, tuuandike kwenye ile sehemu ya mwisho ya makala, "kazi za baadaye". Tukaandika mstari mmoja. Ulikuwa hausemi kitu. Mkataba na hospitali ulikuwa umeshatiwa sahihi, kibali changu cha kuishi hapa kinategemea mradi huu, na nilisema moyoni nitarekebisha taratibu kabla halijatokea jambo. Sentensi zile mbili nilizompa wakili kila neno lake ni kweli. Nilizipanga hivyo kwa makusudi.

Naambatanisha matokeo ya jaribio, kurasa tatu, yana tarehe ya 2 Juni na jina langu. Yakifika kwa kamati, utarudishwa kazini, na mimi nitakuwa nimekwisha. Nakuachia wewe uamue. Chochote utakachofanya nitakikubali.

Mdogo wako


Nyumbani
1 Novemba

Desimali,

Nimeisoma barua yako mezani, nikaipeleka jikoni, nikaisoma tena nimesimama.

Umeandika "nakuachia wewe uamue". Hapana. Kisu umekinoa wewe, unanipa mimi nishike mpini, halafu kesho utasema dada yangu alinichoma. Nimekufuta kamasi, nimekusainia barua za shule nikijifanya mama, nimekusemea kwa mkurugenzi. Hili sikufanyii.

Unajua kinachoniuma? Kama ungekuwa hukujua, ningekulilia. Mtu akikosea hesabu anakosea. Lakini wewe ulikaa mchana kutwa ukiutazama mwandiko wake. Ulimjua kuliko madaktari wote waliofanya naye kazi. Wewe peke yako duniani ulikuwa na karatasi inayosema mwanamke huyu anaona saa sita mbele, na alikuwa hai, yuko stoo anahesabu foronya. Ungemwandikia hata yeye, mstari mmoja. Angeubandika ukutani. Ukaniandikia mimi nimsalimie, nimwambie si kwamba jicho lake ni baya.

Peleka mwenyewe. Waandikie kamati, waandikie na hao waliokupa tuzo. Nakupa mwezi huu mzima. Ukifanya, njoo nyumbani, tutakula sahani moja na hatutalizungumza tena. Usipofanya, usiniandikie.

Dada yako


Nyumbani
8 Desemba

Desimali,

Mwezi uliisha, nikaongeza wiki moja. Kila mpeleka barua alipopita nilitoka. Hukuandika.

Juzi mwenzangu wa zamani alinionyesha tangazo kwenye simu yake: mfumo wako unaingia hospitali nyingine nne mwezi ujao. Kuna picha yako, umevaa suti, umenenepa kidogo. Imeandikwa kwamba mfumo umejaribiwa kwa mafanikio kwenye wodi moja ya upasuaji. Nikahesabu. Kama kila hospitali ina wodi mbili, ni wodi nane. Nikaanza kufikiria ni nani huko anayeambiwa sasa hivi aende stoo.

Ningeweza kuendelea kungoja kwa ajili yangu. Kwangu mimi ilikuwa kazi tu, na nimeanza kuzoea kukaa. Kwa ajili ya hao, sikuweza.

Leo asubuhi nilivaa vizuri nikaenda ofisi ya kamati na zile kurasa tatu, na barua yako ya tarehe 21 Oktoba yote, hata pale unaposema umeichana mara nne. Nimepeleka nakala pia kwa binti yule aliyefukuzwa, na nyingine kwa watoto wa Mama Pacha. Yule wa pili alinifungulia mlango. Alisoma amesimama, hakunikaribisha ndani, lakini alinisindikiza hadi barabarani.

Katibu wa kamati alisoma ukurasa wa kwanza, akavuta fomu ya ushahidi. Kuna mahali wameandika "uhusiano wa mleta ushahidi na mhusika". Nikajaza: mdogo wangu, tumbo moja.

Akainua kichwa. Akanitazama, akaitazama fomu.

"Mama," akasema, "hii nikiigonga muhuri hairudi. Una hakika?"

Nikamwambia, "Gonga."

Akagonga.

Dada yako